Abu Hurayra, Baba wa Kipaka

Katika Masahaba wa Mtume Muhammad (S.A.W.) hapana aliyepokewa Hadithi nyingi kuliko Abu Hurayra (R.A.). Zilizohesabiwa kwa jina lake ni 5,374, pamoja na zilizokaririwa. Juu ya hayo, jina lake khasa wanavyuoni hawakuafikiana nalo. Lililo mashuhuri ni kuwa zama za ujahili akiitwa Abdu Shams, yaani mja wa jua, na aliposilimu akaitwa Abdurrahman bin Sakhr. Lililomganda ni jina la kipaka.

Alikuwa mtu wa kabila la Daws, katika nchi ya Yaman, akakulia yatima. Alipokuwa akichunga kondoo wa jamaa zake alikuwa na kipaka. Usiku hukiweka juu ya mti, na kukipambauka huenda nacho malishoni akacheza nacho. Kwa ajili hiyo wakamwita Abu Hurayra, na jina hilo akawa nalo alipokuwa hana tonge na alipokuwa liwali.

Alisilimu kwa mlingano wa Tufayl bin Amr, wa kabila lake, akafika Madina mwaka wa 7 wa Hijra (628), wakati wa vita vya Khaybar. Hakuwa na nyumba wala mali. Akakaa Suffa, kipenu cha msikiti wa Mtume walichokaa mafakiri, na njaa ikamfika hata akajifunga jiwe tumboni. Mara nyingine akianguka, na wapitao wakidhani ana wazimu. Siku moja alikaa njiani, akawauliza Abubakar na Umar habari ya Aya aliyokuwa akiijua, kwa kutaraji wamchukue nyumbani wamlishe. Wote wawili wakamjibu wakapita. Mtume alipomwona alijua la moyoni mwake. Akaenda naye, na nyumbani palikuwa na bakuli moja la maziwa. Akamwamrisha awaite watu wote wa Suffa, naye akasononeka kwa kuona maziwa hayatamfikia. Wakanywa wote wakashiba, kisha akanywa yeye, na Mtume akanywa mwisho wa watu.

Mtu huyu aliyeijua njaa ndiye aliyetupokelea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ibn Umar naye ameipokea. Labda msomaji atasema: sisi hatukumfunga paka yeyote, hawa wa njiani si wetu. Basi na aitazame Hadithi nyingine ya Abu Hurayra, ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo kwa kiu, akashuka kisimani akamtekea maji kwa khofu yake, akasamehewa. Mbwa yule hakuwa wake.

Hapa Uthiru paka wasio na wenyewe wako mabuchani na sokoni. Wako waliozeeka, meno yamekwisha, panya hawamwezi tena. Na wengi katika hao walikuwa na nyumba, wakafukuzwa walipokosa kazi. Kuna wanaoona dawa yao ni sumu, na wanaowafukuza kwa kudai ni najisi. La pili ni ujinga mtupu, kwani Abu Qatada (R.A.) amepokea kuwa paka si najisi, naye akimwinamishia chombo cha maji ya udhu anywe. Wala hatuhitaji kutegemea lile neno mashuhuri kuwa kupenda paka ni katika imani: wanavyuoni wa Hadithi wamesema limezuliwa. Na ile hadithi ya Mtume kuikata kanzu yake asimwamshe paka Muezza haina asili. Yaliyo sahihi yanatosha.

Watu wa Suffa hawakulishwa na tajiri mmoja. Mtume aliamrisha mwenye chakula cha wawili achukue wa tatu, na kila nyumba ikabeba kadiri yake. Kwa mpango huo huo mtaa unaweza kugawana siku: huyu aweke maji, yule achukue mabaki buchani, na aliye mgonjwa apelekwe Kabete, jirani zetu, walipo madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kazi hii haimpokonyi maskini chakula. Mabaki hayo hutupwa.

Tukirudi kwa Abu Hurayra, Sayyidna Umar alimfanya liwali wa Bahrain, kisha akamwuzulu na kumhesabia mali yake. Alipotaka kumrudisha, alikataa. Baadaye, zama za Marwan, alishika uliwali wa Madina kwa niaba, na watu wakimwona sokoni amebeba tita la kuni kichwani, akiomba njia ipishwe kwa ajili ya liwali. Mama yake, aliyesilimu kwa dua ya Mtume, alimtendea wema mpaka kufa kwake.

Alipokaribia kufa alilia, kwa urefu wa safari na uchache wa masurufu. Akafa Madina, kwa kauli mojawapo mwaka wa 59 wa Hijra, umri wake kama miaka 78, akazikwa Baqii.