Bergmann: Msomi aliyefumbua siri ya ukubwa wa wanyama

JINA la Carl Bergmann hutajwa hadi leo kila wanasayansi wanapojadili kwa nini wanyama wa nchi za baridi aghalabu huwa wakubwa kuliko ndugu zao wa nchi za joto.

Msomi huyo alizaliwa mwaka wa 1814 mjini Göttingen, Ujerumani. Alisomea udaktari, akafundisha katika chuo kikuu cha mji huo, na mnamo 1852 akawa profesa mjini Rostock.

Kazi iliyompa sifa aliichapisha mwaka wa 1847. Hoja yake anaijua kila mpishi: chai ya kikombeni hupoa upesi, ilhali uji wa sufuria kubwa hukaa na moto. Mwili unapokua, ujazo wake unaozalisha joto huongezeka kuliko ngozi inayolipoteza. Kwa hivyo, miongoni mwa wanyama wa damu moto walio wa jamii moja, wakubwa huhimili baridi, nao wadogo hufaa penye joto. Ndiposa chui milia wa Siberia huwa mzito kuliko mwenzake wa kisiwa cha Sumatra.

Jambo moja lilikosekana. Bergmann alieleza faida ya umbo, wala si namna linavyobadilika. Jibu lilitolewa na Charles Darwin mwaka wa 1859: wenye maumbile yanayofaa mazingira huishi na kuzaa zaidi, na sifa zao huenea kizazi baada ya kizazi. Bergmann alifariki mjini Geneva mwaka wa 1865.

Kanuni yake ina visa vingi visivyoifuata, lakini imepata uzito mpya kutokana na ongezeko la joto duniani. Mjini Chicago, watafiti waliwapima ndege 70,716 wa spishi 52, waliokufa kwa kugonga majengo kati ya 1978 na 2016. Mfupa wa mguu ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 2.4, huku mabawa yakirefuka kwa asilimia 1.3.

Wataalamu wangali wanabishana iwapo chanzo ni uteuzi wa asili au hali ambamo makinda hukulia. Tofauti hiyo ni nzito. Uteuzi huhitaji vizazi vingi, na joto linapopanda upesi, wanyama wanaozaa kwa nadra huenda wakakosa muda wa kujirekebisha.