Abushiri bin Salim na Kodi ya Kampuni

 

Ndugu zetu wa Old Korogwe wanaujua Mto Pangani, yaani Ruvu, unavyopita kwao ukielekea baharini. Zamani misafara ya pembe ilifuata bonde lake kwenda Pangani, na huko forodhani ndiko ushuru ulikolipwa. Mtoni humo, karibu na pwani, Abushiri bin Salim Al-Harthy alikuwa na shamba la miwa. Tuseme kweli: lililimwa na watumwa, na kwa hilo hatumsafishi.

Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said aliikodisha Mrima kwa kampuni ya Kijerumani. Agosti akaja Pangani Emil von Zelewski, akashika forodha, na wenye mashamba wakatakiwa kuandikisha ardhi zao kwa kampuni au wazikose. Mali inayotozwa bila haki wanazuoni wetu huiita maksi, na wameikemea vikali. Forodha ya Sayyid nayo haikuwa nyepesi, ila watu waliizoea. Sasa mtozaji alikuwa mfanyabiashara mwenye askari. Tena siku za Iddi hiyo ya Kuchinja askari waliingia msikitini na mbwa. Baada ya hapo nani angewatuliza watu?

Abushiri akawaongoza. Kampuni ikafukuzwa miji mingi, ikabaki Bagamoyo na Dar es Salaam. Wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, wakiteremka kutoka Usambara, alikamatwa mmoja na mwenzake, akawaachia kwa fidia ya rupia 10,000. Fidia ya mateka inajulikana katika fiqhi, lakini hawa hawakuwa wapiganaji, nasi tunaona uzito kumtetea hapo. Askofu Smythies, kinyume chake, alimkinga na ghadhabu ya watu Pangani. Hilo ni la kumhesabia.

Mwaka 1889 Wissmann alikuja na majeshi. Mei kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo ikavunjwa. Akaenda hadi Mpwapwa, akarudi na wapiganaji wa bara, wakashindwa. Akakimbilia kaskazini na watu wachache, na Jumbe Magaya wa Kwa Mkoro akamkabidhi kwa Wajerumani. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Allah Amrehemu.

Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake.