Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, Mwalimu wa Pugu

Tunapomkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, wengi wetu huanzia Ikulu. Leo tunapenda kuanzia darasani, kwa kuwa huko ndiko alikolipata jina la Mwalimu, na huko ndiko yalikozaliwa maamuzi ambayo Kanisa letu lilionja utamu wake na uchungu wake.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya Nyang'ombe. Alikwisha kutimiza miaka 12 alipoanza shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka hapo akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere kusomea ualimu. Desemba 23 ya mwaka huohuo alibatizwa Nyegina, naye akachagua jina la Julius.

Alipohitimu, alikwenda kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya wamisionari. Padre Richard Walsh alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kupata nafasi ya kusoma Edinburgh, Uskoti, kuanzia mwaka 1949. Aliporejea alifunga ndoa na Mama Maria, kisha akapokelewa kuwa mwalimu wa historia katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Akiwa bado mwalimu pale, alichaguliwa kuwa rais wa TANU ilipoundwa Julai 7, 1954. Baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa mwaka 1955, ilimlazimu kuchagua kati ya chaki na siasa. Aliacha kazi, pamoja na mshahara uliokuwa tegemeo la familia changa, akarudi kwao. Kwa muda fulani alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa Shirika la Maryknoll. Si watu wengi wanaojua kwamba kiongozi wa harakati za uhuru aliwahi kujikimu kwa namna hiyo.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi hawakufika nusu milioni, na waliobahatika kusoma zaidi ni wale waliokuwa jirani na misheni. Wilaya zisizokuwa na misheni zilibaki nyuma, na Waislamu wengi walibaki nyuma pamoja nazo. Mkatoliki huyu aliyefundisha katika shule zetu aliliona jambo hilo kuwa ni dhuluma. Mwezi Machi 1967 alitoa andiko lake la Elimu kwa Kujitegemea, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ikazitwaa shule zilizokuwa zikiendeshwa na madhehebu kwa ruzuku yake. Pugu ilikuwa mojawapo. Seminari ziliachwa mikononi mwa Kanisa.

Hatuna budi kusema kweli: jambo hilo liliuma. Waamini walikuwa wamebeba mawe na kufyatua matofali ya majengo hayo. Mapadre na masista kadhaa walibaki wakifundisha, sasa chini ya mwajiri mwingine. Hata hivyo, mtoto wa Kiislamu kutoka pwani na mtoto wa Kipagani kutoka porini waliingia darasa moja na mtoto wa katekista, bila kuulizwa dini. Sisi tunaamini kwamba katika hilo Nyerere alikuwa karibu na Injili kuliko wengi waliomlaumu.

Makosa pia yalikuwepo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi katika miaka mitatu tu, walimu wakiwa hawatoshi. Vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa haraka kuwa walimu, na ubora ukashuka. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 3, na kuanzia mwaka 1970, uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, akina mama na wazee walikaa chini ya miembe wakijifunza kuandika majina yao.

Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipogomea masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao wapatao 400. Hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Aliondoka madarakani kwa hiari mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Huko aliendelea na kazi ya kuyageuza Maandiko Matakatifu kuwa tenzi za Kiswahili. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Kanisa limefungua tena shule nyingi nchini. Pugu imebaki kuwa ya Serikali.