Louis Leakey na Darasa la Tendaguru: Funzo kwa Wakufunzi wa Biolojia ya Vitendo

Katika vyuo vyetu vya ualimu wamo wanachuo wengi ambao hawakusoma mchepuo wa sayansi, na ambao hata hivyo watakabidhiwa vipindi vya sayansi mara wafikapo shuleni. Kwa ajili yao huwekwa mafunzo ya utangulizi ya biolojia kwa vitendo. Wengi huingia maabara kwa hofu, wakiamini kwamba mahali hapo ni pa watu wa namna nyingine. Sisi tunaofundisha katika pwani hii ya Kilwa na Lindi hatuna upungufu wa vielelezo, kwa kuwa bahari, mikoko na mashamba yako karibu. Upungufu wetu uko kwingine, na hatuna budi kuukiri kabla ya kuendelea.

Siku moja tuliwagawia wanachuo wetu samaki aina ya changu kutoka sokoni, tukawaagiza wachore walichokiona na kutaja sehemu zake. Michoro iliporudi ilikuwa safi na yenye majina yote. Tulikuwa tumekwisha kusahihisha nusu yake na kuipa alama nzuri, ndipo tulipotambua kwamba wengi walikuwa wamechora perege wa kitabuni. Mstari wa hisi ulio ubavuni mwa perege umekatika sehemu mbili, lakini wa changu huendelea bila kukatika kutoka kichwani hadi mkiani. Wanachuo walichora mstari uliokatika, hali samaki aliyelala mbele yao hakuwa nao. Nasi wakufunzi tuliwapa alama kwa sababu michoro ilifanana na kitabu. Kosa lilikuwa letu kwanza, kisha likawa lao.

Tangu hapo tumekuwa tukiyaanza mafunzo haya kwa kuwasimulia wanachuo maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wanalijua kwa habari za Olduvai, ila ni wachache wanaojua kwamba alianza kuishika kazi hiyo katika wilaya ya Lindi, akiwa mwanafunzi wa lugha. Mtu huyo ni Louis Leakey.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kiingereza. Alikua pamoja na vijana wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mmoja wao, na pamoja nao akajifunza kuvizia wanyama na kusoma nyayo zao. Kabla ya kuingia shule yoyote ya Uingereza alikuwa amekwisha kuzoea kutazama kwa subira. Akiwa mvulana alianza kuokota vipande vyeusi vya mawe ya volkano vinavyong'aa kama kioo, akidhani ni zana za watu wa kale. Alivipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa kwanza wa jumba la makumbusho la Nairobi, ambaye alimthibitishia kwamba baadhi yake ni zana kweli, akamwonyesha pia namna ya kuainisha ndege na kuweka kumbukumbu. Yafaa tukumbuke jambo hili: mtu mzima mwenye elimu hakuzicheka okota-okota za mtoto, bali alizitazama moja moja na kumjibu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa shule Uingereza, na mwaka 1922 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko hakujiandikisha katika sayansi. Alichagua lugha, mojawapo ikiwa Kikuyu, jambo ambalo liliwashangaza wakuu wa chuo. Mwaka 1923 aliumia kichwa katika mchezo wa raga, akawa anasumbuliwa na maumivu makali, na daktari akamshauri aache masomo kwa muda na kukaa mahali pa hewa ya wazi. Ndipo alipopata habari kwamba Jumba la Makumbusho la Uingereza lilikuwa likituma msafara Tanganyika kuchimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, yapata kilometa 60 kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alikuwa fundi hodari wa kuchimbua visukuku, lakini Afrika hakuijua. Leakey aliijua Afrika na alisema Kiswahili, lakini visukuku hakuvijua. Kwa sababu hiyo waliwekwa pamoja.

Tendaguru haikuwa mpya wakati huo. Habari za mifupa mikubwa mahali hapo zilikuwa zimewafikia Wajerumani mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni chini ya Hans Reck. Mamia ya watu wa Lindi na sehemu za jirani walifanya kazi hiyo. Walifukua mifupa iliyozikwa ardhini kwa muda wa miaka ipatayo milioni 150, wakaifungasha kwa mianzi, wakaibeba vichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ustadi wake katika kutambua na kutoa mifupa uliwafanya Wajerumani wenyewe wamtegemee. Mnyama mkubwa aliyetoka huko alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake ni zaidi ya meta 13. Jina la Boheti lilichelewa mno kutajwa katika elimu hiyo. Ni mwaka 2007 tu ambapo aina moja ya dinosaria wa Tendaguru iliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Hapo ndipo Leakey alipofika mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 20. Alisaidia kuajiri vibarua, kutengeneza kambi na kupatanisha shughuli za kila siku, na wakati huohuo alijifunza kazi yenyewe. Mfupa uliogeuka jiwe una uzito mkubwa, lakini huvunjika upesi. Mchimbaji huondoa udongo kidogo kidogo kwa vifaa vidogo na brashi, huimarisha sehemu zilizopasuka kwa gundi, kisha huuzungushia vitambaa vilivyochovywa katika plasta ili ufike salama uendako. Kabla ya kuuinua hapana budi aandike ulikutwa wapi, katika tabaka gani la udongo, umelala upande gani, na karibu yake palikuwa na nini. Mfupa usio na maandishi hayo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata ukiwa mzima. Leakey hakuyapata mambo haya katika mihadhara. Aliyapata akiwa amepiga magoti shimoni, katika joto la Lindi, pamoja na watu ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote.

Mwishoni mwa mwaka huo alirudi Uingereza. Cutler alibaki kazini, akafariki kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Leakey naye alimaliza masomo ya lugha, akageukia anthropolojia na elimu ya mambo ya kale, akahitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1926. Mwaka huohuo aliongoza msafara wake wa kwanza wa uchunguzi katika Kenya.

Mwaka 1931 alikwenda Olduvai pamoja na Hans Reck, yuleyule aliyekuwa Tendaguru. Reck alikuwa amechunguza bonde hilo mwaka 1913, akaona mifupa mingi ya wanyama, wala asione zana hata moja. Leakey alidai kwamba zana zimo, na katika muda wa siku moja tu baada ya kufika kambini zilionekana. Sababu ni rahisi, nayo yafaa izingatiwe na kila mwalimu. Huko Ulaya zana za kale hutengenezwa kwa gumegume, na Reck alitafuta gumegume. Olduvai watu wa kale walitumia mawe ya volkano yaliyokuwepo. Reck alitazama akiwa na picha ya Ulaya akilini, kama wanachuo wetu walivyomtazama changu wakiwa na picha ya perege.

Hata hivyo tusimsimulie Leakey kama mtu asiyekosea, maana makosa yake yana faida kubwa darasani. Mwaka 1913 Reck alikuwa amepata Olduvai mifupa ya mtu, akaamini kwamba ni ya zamani sawa na tabaka alimoikuta. Leakey alikuwa na shaka, kisha mwaka 1931 akakubali na kuitangaza habari hiyo. Baadaye ilidhihirika kwamba mtu huyo alizikwa katika tabaka hilo wakati wa nyuma zaidi, na mwaka 1933 Leakey akalazimika kukana aliyoyatangaza. Kosa la pili lilimuumiza zaidi. Mwaka 1932 msafara wake ulipata taya la mtu huko Kanam, magharibi mwa Kenya, naye akadai kwamba ni la kale mno. Mwaka 1935 mwanajiolojia Boswell alikuja kutoka Uingereza kulithibitisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa lilipotoka. Vigingi vya chuma alivyosimika vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitoa kuwa ya mahali hapo ilikuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika habari hizo hadharani, na sifa ya Leakey ikaporomoka. Yule aliyejifunza Tendaguru kwamba mfupa bila maandishi hauna thamani, alishindwa na jambo hilohilo.

Mwaka 1936 alimwoa Mary Nicol, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Mary alikuwa mchoraji, na walifahamiana alipopewa kazi ya kuchora zana za mawe kwa ajili ya kitabu cha Leakey. Ustadi huo wa kuchora kitu kama kilivyo ndio uliomwingiza katika elimu hii, naye akawa mchimbaji makini kuliko mumewe. Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa kambini Olduvai, mgonjwa wa homa. Mary alitoka peke yake pamoja na mbwa wake, akaona meno na kipande cha fuvu vikichungulia ardhini. Fuvu hilo liliitwa Zinjanthropus. Jina hilo lilitokana na neno Zinj, ambalo waandishi wa Kiarabu wa kale waliiita pwani yetu, ikiwamo Kilwa. Mwaka 1961 vipimo vya miamba vilionyesha kwamba fuvu lina umri wa miaka ipatayo milioni 1.75.

Kwa miaka mingi Leakey alikuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la Nairobi. Mwaka 1960 alimpeleka Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, msichana aliyekuwa katibu wake, Jane Goodall, akachunguze maisha ya sokwe. Goodall hakuwa na shahada wakati huo. Leakey alimchagua kwa subira yake na kwa kuwa hakuwa amejazwa mawazo ya wengine, na uchunguzi wake ukaubadilisha ujuzi wa dunia juu ya sokwe.

Maisha yake yalikuwa na upande mwingine pia. Katika miaka ya vita vya Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria alikuwa mkalimani, hadi mawakili wa utetezi walipomlalamikia kuwa ana upendeleo naye akajiondoa. Wanachuo wetu huuliza habari hizo, na ni haki yao kujibiwa. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake.

Baada ya kuyasimulia haya, tulibadili taratibu za maabara yetu. Kwanza, kitabu hakifunguliwi mpaka mchoro wa kwanza ukamilike. Pili, kila kielelezo huwa na kibandiko chenye jina la aliyekileta, mahali kilipopatikana na tarehe. Na kama kimetoka pwani, huandikwa kama maji yalikuwa yamekupwa au yamejaa. Tatu, kosa katika daftari hukatwa kwa mstari mmoja, wala halifutwi, ili sote tuweze kuona mawazo yalivyobadilika. Nne, alama hutolewa pia kwa swali ambalo mwanachuo ameliuliza kutokana na alichokiona, hata kama mkufunzi hana jibu lake.

Jambo la mwisho ndilo gumu kwetu sisi wakufunzi. Mara nyingi mwanachuo huleta mdudu au jani tusilolijua, na kishawishi cha kulitupa kando na kurudi kwenye somo ni kikubwa. Hapo humkumbuka Loveridge akivigeuzageuza vipande vya mawe vya mvulana wa Kabete.

Mwaka uliofuata tuliwagawia wanachuo wapya changu kama awali. Michoro ilikuwa mibaya kwa sura, na baadhi ya majina yalikosekana. Lakini karibu wote walikuwa wamechora mstari usiokatika, na mmoja aliyesoma mchepuo wa historia aliandika pembeni kwamba shavu la samaki wake halina magamba, akauliza sababu. Shavu la changu halina magamba kweli. Hatukuwa tumemfundisha jambo hilo, nalo halikuwemo katika kitabu chetu.