Rais McKinley na risasi isiyoonekana

WILLIAM McKinley, mzaliwa wa Niles, Ohio, mwaka 1843, alikuwa askari, mwanasheria na gavana kabla ya kuwa Rais wa 25 wa Marekani mwaka 1897.

Septemba 6, 1901, alipokuwa akisalimiana na wananchi katika maonyesho mjini Buffalo, alipigwa risasi ya tumbo na Leon Czolgosz. Dk Matthew Mann, bingwa wa magonjwa ya wanawake, alimpasua katika hospitali ndogo ya maonyesho, mwanga wa jua ukielekezwa kwa kioo. Alishona matundu mawili ya mfuko wa chakula. Risasi hakuiona, akafunga kidonda.

Cha kusikitisha, mashine ya eksirei ilikuwamo katika maonyesho hayo hayo, na Thomas Edison alituma nyingine. Hakuna iliyotumika, kwani madaktari waliamini mgonjwa anapata nafuu. Kwa haki, eksirei ingeonyesha risasi tu, si nyama iliyokuwa ikioza ndani. Leo, hali ya majeruhi ikiwa imetulia, madaktari huweza kumpima kwa CT skani au kuingiza kamera tumboni kupitia tundu dogo. Mann alikuwa na macho na vidole vyake.

McKinley alifariki Septemba 14, akiwa na umri wa miaka 58. Hata waliochunguza maiti yake hawakuipata risasi hiyo.