Angelo Mosso, Mtu Aliyepima Fikra

Hapa Kimbo nyumba zinachipuka kama uyoga, na fundi akidondosha tofali, ole wake aliye chini! Tofali la namna hiyo ndilo lililomfungulia Angelo Mosso mlango wa ubongo.

Mosso alizaliwa mwaka wa 1846 mjini Turin, Italia. Babake alikuwa seremala, kazi ya kijungu jiko tu. Kijana alisoma kwa bidii, akawa daktari, kisha profesa wa elimu ya utendaji wa mwili.

Mwaka wa 1877 mkulima mmoja, Bertino, aliangukiwa na tofali likamvunja fuvu. Palibaki mwanya ambapo ubongo ulionekana ukipwita. Mosso akaweka hapo chombo cha kuchora mapigo hayo karatasini. Kengele za kanisa zilipolia adhuhuri, mapigo yalipanda. Alipomuuliza kama hakufaa kusali, yakapanda tena. Akampa hesabu, 8 mara 12. Kumbe hata hapo! Lakini mkononi mapigo hayakubadilika. Mosso akatambua kwamba ubongo ukifanya kazi, damu huuendea.

Na sisi tusio na mwanya kichwani je? Mosso aliunda kitanda kilichokaa juu ya egemeo kama mizani. Mtu alilala kimya mpaka kitanda kikatulia sawasawa. Akipewa jambo la kufikiria, upande wa kichwa ulishuka. Kweli, mizani hiyo ilikuwa na kasoro, maana hata pumzi huitikisa. Lakini wazo lenyewe lilikuwa zima.

Mosso alifariki mwaka wa 1910. Miaka 80 baadaye, Mjapani Seiji Ogawa, akiwa Marekani, alionyesha kwamba mashine ya sumaku huweza kutambua mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Siku hizi madaktari huitumia kujua sehemu ya usemi iko wapi kabla ya kupasua uvimbe, ili mgonjwa asiamke bubu.

Wanafunzi wenzangu, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Basi ukimwona mwenzako ameketi kimya na hesabu yake, usiseme eti anakaa bure. Damu iko mbioni! Nasi tusisahau kwamba siri hiyo haikutoka kichwani mwa mfalme, bali kwa mkulima wa kawaida.