David Marr na Ndoo ya Bibi

Bibi yangu wa Kibara alipata kiharusi nikiwa mwaka wa kwanza. Nilipoenda likizo nikamkuta anaongea vizuri tu, ila ndoo ikiwa chini miguuni pake, akiitazama kutoka juu, haitambui. Ukiinyanyua akaiona ubavuni, anaitaja hapo hapo. Majirani wakasema karogwa. Mimi nikadhani anatutania. Aliyenitoa ujinga ni mtu aliyekufa mwaka 1980.

David Marr alizaliwa Uingereza mwaka 1945. Alisoma hisabati Cambridge, kisha akahamia kwenye utafiti wa ubongo. Mwaka 1973 alimsikiliza Elizabeth Warrington akieleza habari za wagonjwa wake. Walioumia ubongo upande wa kulia, juu kuelekea kisogoni, waliitambua ndoo kwa ubavu, lakini kwa juu walikwama. Walioumia kushoto walishindwa kutaja jina la kitu na kazi yake, ila umbo lake walilielewa. Hapo Marr akang'amua kwamba ubongo hujenga umbo kivyake, jina ni kazi nyingine.

Akiwa MIT, Marekani, akapanga hatua. Kwanza tunanasa kingo, pale mwanga unapobadilika. Pili tunapata nyuso za kitu kwa tulipo sisi: ipi iko karibu, ipi imelala. Mwisho ubongo unatengeneza umbo la kitu chenyewe, popote usimamapo. Mwaka 1978, yeye na Keith Nishihara walilieleza umbo hilo kama mirija iliyopangwa kufuata mhimili wake. Ndoo ukiichungulia toka juu, mhimili unafupika, ndiyo maana inasumbua.

Kipindi hichohicho aligundulika ana saratani ya damu. Akaandika kitabu chake mbio mbio, akafariki ana miaka 35. Kitabu, Vision, kilitoka 1982. Wapo waliompinga baadaye, wakisema ubongo hutunza pia picha za kitu kutoka pande mbalimbali. Sawa, lakini hata wao wanajibu swali alilouliza yeye.

Mimi si daktari, na bibi sijampima. Ila nilirudi Kibara nikawaambia hajarogwa wala hatanii. Siku hizi ndoo tunaiweka juu ya meza, usawa wa macho yake akiwa amekaa. Maji anachota mwenyewe.